Kumi Hadi Moja: Namna ya Kupandisha Alama za GMAT Ukiwa Mombo

Mombo ni mji wa kupandia. Tangu reli ya Usambara ilipofika hapa mwaka 1905, anayekwenda milimani anashukia Mombo, anatafuta usafiri, kisha anaanza kuipanda barabara ya Soni hadi Lushoto. Mabasi ya Arusha na Dar yakisimama, wauza plamu na karanga wanayawahi madirishani. Nyuma ya kelele hizo kuna vijana wenye shahada zao: mmoja anashika vitabu vya ghala la mbogamboga, mwingine anafundisha sekondari, mwingine ni afisa ugani wa skimu ya mpunga. Baadhi yao wanataka kusoma MBA nje ya nchi, na kati ya hao wapo waliokwisha kufanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi hizo, alama zikatoka chini, wakanyamaza.

Makala haya ni yao, nami niko upande wao kabisa. Alama ya chini haipimi akili ya mtu. Inasema tu kwamba kuna maswali yamepotea mahali fulani, na mahali hapo panatafutika. Tutahesabu kurudi nyuma, kumi hadi moja, na namba moja ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Kwanza tuujue mnyama mwenyewe. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, kusoma na kupima hoja maswali 23, na kusoma takwimu, ile inayoitwa Data Insights, maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na zote zinaishia na tano. Kwa hiyo mtu akikutambia stendi kwamba juzi amepata 700, ama alifanya toleo la zamani, ama anakuchangamsha tu. Ukitaka kulinganisha, 645 ya sasa iko karibu na 700 ya zamani.

10. Alama yako hajaiona mtu

Tuanze na aibu, tuitoe njiani. Kwenye toleo la sasa unaiona alama yako kwanza, ndipo unachagua vyuo vya kuipelekea, na vitano vya kwanza hulipii. Chuo ambacho hukukipelekea hakijui kama uliwahi hata kukaa kwenye kiti. Ukirudia ukapata nzuri, unapeleka hiyo nzuri, na inadumu miaka mitano.

Jirani aliyekwambia jina lako limeshaharibika Ulaya, muulize alilisikia kwenye redio gani.

9. Majina matatu, pasi moja

Hili halikuongezei alama hata moja, ila linaweza kukunyima zote. Unapojisajili, jina liwe vilevile lilivyo kwenye pasi ya kusafiria. Watanzania tunalijua tatizo hili: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, cheti cha Fomu Foo kimekula herufi ya jina la babu. Ukifika kituoni jina la usajili na la pasi yakagombana, wanaokurudisha mlangoni hawana muda wa kusikiliza ukoo wako ulivyopangika. Kama pasi huna, ada yake ni shilingi 150,000, na foleni yake haina uhusiano wowote na akili zako. Ianze mapema.

Kuna pia ruhusa ya kufanyia mtihani nyumbani kwa kompyuta yako. Masharti yake ni kwamba uwe peke yako chumbani, kamera inakutazama, asiingie mtu. Nyumba nyingi za Mombo zina shangazi, na shangazi habishi hodi. Ongeza umeme unaokatika na intaneti inayopumzika bila taarifa. Kama nauli ipo, nenda Dar es Salaam, ulale Dar, uamkie Dar. Usipande basi la alfajiri ukategemea kufika, kunawa uso na kuanza kupiga hesabu.

8. Kitabu cha kaka yako kirudishe kwa kaka yako

Toleo la sasa lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa tarehe 31 Januari 2024. Kwenye mabadiliko hayo insha iliondolewa, maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza yakaondolewa, na maswali ya jiometri yakaondolewa kwenye hesabu. Bado vitabu vya zamani vinazunguka mikononi, na mafaili ya zamani yanarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kila siku kana kwamba ni dhahabu.

Nimekutana na watu waliotumia wiki nzima kwenye sarufi ambayo mtihani hauiulizi tena. Wiki nzima ya jioni, baada ya kazi, kwenye joto la Mombo! Ukimkuta mtu anakariri eneo la duara kwa ajili ya GMAT, mshike bega taratibu, mwambie habari, kisha mnunulie soda.

Tumia maswali ya wenye mtihani. Wana kitabu chao rasmi, na kwenye tovuti yao ya mba.com kuna mitihani miwili kamili ya mazoezi, bure. Maswali ya kutungwa na watu wengine yanafaa kwa kujinyoosha, lakini mengi yanakuwa magumu mahali pasipo na ugumu na mepesi mahali penye mtego.

7. Kikokotoo cha simu kilale

Kwenye sehemu ya hesabu hakuna kikokotoo. Kipo kimoja cha kwenye skrini katika sehemu ya takwimu, basi. Hapa ndipo wengi wetu tunapoponyokea. Hisabati ndilo somo linaloangusha wengi Fomu Foo mwaka hadi mwaka, na mtu akishalivuka analiaga kwa furaha, anaikabidhi simu hata kuzidisha kwa kumi na mbili.

Kuna binti anashika hesabu za ghala moja la mbogamboga pale Mombo, na nitamtaja tena huko mbele. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, mimi hesabu niliikimbia Fomu Tuu."

"Uliikimbia? Haya, asubuhi hii dalali amekuletea mzigo wa shilingi 84,000, ushuru wenu asilimia 15. Umemkata ngapi?"

"Kumi na mbili na mia sita."

"Umetumia simu?"

"Nitumie simu ya nini? Asilimia kumi ni elfu nane na mia nne, nusu yake elfu nne na mia mbili, nikajumlisha."

Huyo ndiye aliyeikimbia hesabu. Hesabu haikumkimbia yeye.

Sasa angalia swali la aina ambayo GMAT inaipenda. Tenga la nyanya linauzwa shilingi 20,000. Mvua zikakatisha mzigo, mfanyabiashara akapandisha bei kwa asilimia 25. Wiki iliyofuata nyanya zikajaa, akapunguza bei hiyo mpya kwa asilimia 20. Tenga ni shilingi ngapi? Mwenye haraka anasema 21,000, maana imepanda 25, imeshuka 20, imebaki tano juu. Kumbe ilipanda hadi 25,000, na asilimia 20 ya 25,000 ni 5,000. Tumerudi 20,000 palepale. Asilimia ya kupanda ilihesabiwa kwenye bei ndogo, ya kushuka kwenye bei kubwa. Kwenye majibu matano, hiyo 21,000 itakuwepo, imepigwa pasi, inakusubiri wewe.

Dakika ishirini kila asubuhi kabla ya kazi: sehemu na asilimia, uwiano, vipeo, namba shufwa na witiri, milinganyo rahisi. Asubuhi kwa sababu mchana Mombo jua halina huruma. Mwenye ndugu Lushoto, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, aombe chumba mwisho wa wiki, na aende na zawadi.

6. Panda na 22, shuka na 33

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33. Tuseme Hiace imepanda kwa kilomita 22 kwa saa, ikashuka kwa kilomita 33 kwa saa. Wastani wa mwendo kwa safari nzima ni ngapi?

Karibu kila ninayemuuliza anajibu 27.5, kwa kujumlisha 22 na 33 na kugawa kwa mbili. Jibu ni 26.4. Kupanda kumechukua saa moja na nusu, kushuka saa moja. Kilomita 66 kwa saa mbili na nusu. Gari lilikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, kwa hiyo wastani unavutwa upande wa mwendo mdogo. Konda wa Lushoto hawezi kulikosa swali hili, maana ndiye anayesikilizia manung'uniko ya ile nusu saa ya ziada.

Sasa uondoe umbali. Swali linasema tu: amepanda na 22, ameshuka na 33, njia ileile. Watu wanaganda hapo, wanaandika herufi, wanapata mlinganyo wa mistari mitano. Wewe chagua umbali unaokufaa. Chagua 66, unagawanyika kwa zote mbili. Saa tatu kupanda, saa mbili kushuka, kilomita 132 kwa saa tano: 26.4 tena. Umbali haukuwa na neno. Namba uliyojichagulia mwenyewe inaruhusiwa kabisa, na mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko ile aliyotufundisha mwalimu wa aljebra, Mungu ambariki.

5. Swali lisilotaka jibu

Kwenye sehemu ya takwimu kuna aina moja ya swali inayowatesa watu wenye bidii. Inakupa swali na taarifa mbili, kisha inauliza: taarifa hizi zinatosha kupata jibu au hazitoshi? Jibu lenyewe hawalitaki. Wanataka ujue kama linapatikana.

Dalali amepokea matenga 40, mengine ya nyanya, mengine ya hoho. Ya nyanya ni mangapi? Taarifa ya kwanza: matenga ya nyanya ni mara tatu ya matenga ya hoho. Taarifa ya pili: ya nyanya yanazidi ya hoho kwa 20. Mwenye bidii anakokotoa zote mbili, anapata 30 na 10 kwa kila njia, anafurahi, anachagua "zote mbili kwa pamoja zinatosha", na anakosa. Kila moja inatosha peke yake. Ungeifunika ya pili kwa kiganja ukaitazama ya kwanza tu, ungeona jumla ipo, uwiano upo, basi imetosha, wala huhitaji kugawa. Kisha funika ya kwanza, angalia ya pili kana kwamba ya kwanza hukuwahi kuiona.

Kiganja hicho ni cha bure na kila mtu anacho.

Halafu usiidharau sehemu hii kwa kuwa ni ngeni. Sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye alama ya jumla. Watu wanakesha na hesabu, wanaiacha sehemu ya takwimu ijiendee, na hapo ndipo alama zinapobaki mezani. Majedwali, grafu, bei zinazobadilika kwa miezi: mtu anayeshika kitabu cha mauzo cha AMCOS anayasoma haya kila wiki na analipwa.

4. Ubishi wa kijiweni una kazi

Tunasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu Fomu Wani masomo yanageuka Kiingereza usiku mmoja. Wengi wetu tulijifunza kunusurika kwa kukariri: sentensi ya mwalimu inaingia kama ilivyo, inatoka kama ilivyo. Inakufikisha chuo kikuu, inakupa shahada, halafu inafika kwenye GMAT inakwama, kwa sababu GMAT haikuulizi kifungu kimesema nini tu. Inakuuliza mwandishi anatetea nini, amejengea juu ya nini, na nini kikitokea hoja yake inaanguka.

Na kubisha tunakujua. Keti kwenye kijiwe chochote cha kahawa kuanzia Mombo hadi Korogwe usikilize Simba na Yanga. "Walishinda kwa sababu ya kocha mpya." "Kocha gani, si walicheza na timu ya mkiani?" Huyo wa pili amefanya kazi yote inayotakiwa: amekubali kwamba timu ilishinda, amekataa sababu iliyotolewa, ameleta sababu nyingine. Kwenye mtihani unalipwa alama kwa kitu hichohicho. Ila kijiweni usidai posho.

Jaribu hili. Wauza plamu wa stendi walianza kufunga plamu kwenye vifuko vya wavu mwezi wa Januari. Mauzo ya Januari yakawa makubwa kuliko ya Agosti iliyotangulia. Kwa hiyo vifuko vimeongeza mauzo. Nini kinaidhoofisha hoja hii?

Majibu yatakuja mengi, yamevaa vizuri. Vifuko ni ghali. Wateja wengine wanapenda karanga. Plamu za Lushoto ni tamu. Yote yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linalogusa hoja. Lile linalogusa ni hili: plamu za Usambara zinaiva kati ya Desemba na Februari. Januari ni msimu, Agosti si msimu. Mauzo yangepanda hata kama plamu zingefungwa kwenye gazeti. Na ukiulizwa nini kinaiimarisha, tafuta kitu cha namna hii: Januari hiyohiyo, waliouza bila vifuko hawakuuza zaidi ya kawaida yao ya msimu. Kiungo kati ya sababu na matokeo ndicho kinachopimwa. Jibu lisilokanyaga kiungo hicho lipite salama, hata likiwa limesema ukweli wa Mungu.

Kwa upande wa kusoma, nina zoezi moja ninalolipenda sana na halina gharama. Soma makala moja ndefu ya Kiingereza kila siku, ya uchumi au sayansi, ile ambayo kwa kawaida ungeiruka. Funga gazeti. Kisha mweleze mtu kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu: mwandishi anadai nini, kwa nini, na anambishia nani. Mama ntilie anafaa kuliko profesa. Ukichanganya mambo atakukatiza palepale: "Mwanangu, mbona hueleweki? Sasa huyo mtu anataka bei ipande au ishuke?" Hapo ujue hukuelewa, ulikuwa unayasindikiza maneno tu. Rudi kwenye makala, soma tena, mrudie na sentensi zako. Akikuelewa, na wali wake ulipie kwa wakati.

Usichague makala unazozipenda. Mtihani utakuletea nyota za mbali, historia ya vyama vya wafanyakazi Marekani, na bakteria wa baharini. Havina haja ya kukufurahisha, na wewe huna haja ya kuvijua kabla. Kila kitu unachoulizwa kimo ndani ya kifungu.

3. Dakika mbili na sekunde zake

NECTA walitupa saa tatu kwa pepa ya Hisabati, na msahihishaji alikuwa anasoma njia yako. Ukikosea jibu mwishoni, maksi za njia zilikuokoa. Kompyuta ya GMAT haisomi njia. Una dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali la hesabu, chini kidogo ya dakika mbili kwa swali la kusoma, dakika mbili na robo kwa la takwimu. Inaona jibu ulilobonyeza, na kulingana nalo inakuchagulia linalofuata. Ukipata, linakuja gumu zaidi.

Ndiyo maana mtu mzuri wa hesabu anaweza kutoka na alama mbaya. Swali la saba limemkamata, anasema siondoki hapa mpaka nilimalize, heshima ya ukoo iko hatarini. Analimaliza kwa dakika sita. Mwisho wa sehemu ana maswali manne hajayagusa, na maswali yasiyojibiwa yanaadhibiwa. Ameshinda swali, amepoteza sehemu.

Dakika ya tatu ikipita hujaona mlango, chagua jibu, weka alama ya kurudi, endelea. Toleo la sasa linakuruhusu kurudi mwishoni mwa sehemu na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Matatu tu, kwa hiyo usiyatumie kwa wasiwasi. Badilisha pale ulipokuta kosa kwa macho yako, siyo pale moyo ulipodunda.

Unaruhusiwa pia kupanga mwenyewe sehemu ipi ianze, na una mapumziko mara moja, ya dakika kumi. Amua haya nyumbani, uyafanye hivyohivyo kwenye mazoezi.

2. Usikate tiketi nyingine leo

Sheria inasema usubiri siku 16 kabla ya kurudia, na mwisho mara tano ndani ya miezi 12. Alama zikitoka vibaya, damu inachemka, mtu anataka kujisajili tena siku hiyohiyo. Ada ni mamia ya dola! Kwa mshahara wa Mombo hizo ni pesa za kuezeka nyumba. Ukirudi na mazoea yaleyale baada ya siku 16, utalipia alama zilezile.

Ile mitihani miwili ya bure usiile yote kwa wiki moja. Mmoja sasa, ujue ulipo. Wa pili ubaki hadi karibu na tarehe, uketi nao saa mbili na robo mfululizo, simu iko kwa shemeji.

Kama umehangaika na sehemu ya takwimu kwa miezi na haisogei, ijaribu GRE. Shule nyingi za biashara zinaipokea sawa na GMAT, hesabu zake zina kikokotoo, ila maneno yake ya Kiingereza ni magumu zaidi. Fanya mtihani wa mazoezi wa kila upande ndipo uamue. Usiamue kwa kuwa rafiki yako kasema.

Tena soma vigezo vya chuo chenyewe. Vyuo vingi vya hapa nyumbani vinatazama shahada yako ya kwanza na uzoefu wa kazi. Kama ndoto yako inatimia Morogoro au Mlimani, hizo dola zina kazi nyingine.

1. Daftari la makosa

Ningeruhusiwa kumwachia mtu jambo moja tu, ningemwachia hili na kumnyang'anya yote tisa.

Wengi wakiambiwa waongeze alama, wanaongeza maswali. Mia kwa wiki, mia mbili kwa wiki. Wanasahihisha, wanaona wamekosa arobaini, wanasema "duh", wanasonga mbele. Wiki inayofuata wanakosa arobaini mengine, ndugu wa damu wa yale ya kwanza.

Yule binti wa ghala alikuwa hivyo. Alikuwa na rundo la karatasi na alama isiyopanda. Nikamuuliza: nyanya zikiingia tenga 200 na zikiuzwa 180, unafanyaje? Akanitazama kwa huruma. "Naandika ishirini zimekwenda wapi, Mwalimu. Zimeoza, zimeibwa, au dalali kahesabu vibaya. La sivyo tajiri atanila mimi." Basi maswali yako nayo yaandike hivyohivyo.

Akanunua daftari kubwa la mistari, akapiga safu nne kwa rula. Swali. Jibu langu. Jibu sahihi. Sababu. Kwenye sababu nilimruhusu maneno manne tu: sikujua, nilikokotoa vibaya, nilisoma vibaya, muda uliniishia. Nilimkatalia "uzembe", kwa sababu uzembe hautibiki. Mtu akiandika uzembe anajitukana, anajisamehe na kulala.

Baada ya wiki mbili tuliketi naye tukalifungua. "Sikujua" ilikuwa na mistari michache, karibu yote ya namna za kupanga na kuchagua vitu, mada aliyoiruka shuleni. Hiyo ni kazi ya jioni chache. "Nilisoma vibaya" ilikuwa imejaa, imevuka ukurasa. Na alipoipitia taratibu, akaona jambo ambalo hakuna kitabu kingemwambia: mara kwa mara alikuwa anakosa neno la mwisho la swali. Kwa wino mwekundu alikuwa ameandika pembeni, "Wameuliza faida, mimi nimejibu mauzo." Chini yake: "Wameuliza waliobaki, nimejibu walioondoka." Chini yake tena: "Faida. TENA."

Hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Alikuwa anajibu vizuri sana maswali ambayo hakuulizwa.

Dawa yake haikuwa maswali mengine mia. Ilikuwa kuandika kwenye ubao wa kuandikia, kabla ya kukokotoa chochote, kitu kinachotafutwa: "faida = ?". Sekunde tatu. Kisha, kabla ya kubonyeza, kulitazama tena neno hilo. Wiki zilizofuata ile safu ilianza kukonda, na kwa mara ya kwanza alinionyesha karatasi zake bila kuzificha nusu kwa mkono.

Kila swali uliloandika, lirudie baada ya siku saba bila kutazama jibu. Ukilipata na ukaweza kulieleza kwa mdomo, lipige mstari. Ukilikosa, linabaki, na linaandikwa upya kwenye ukurasa wa leo. Haliondoki kwa kuonewa huruma, wala kwa Tipex. Kabla ya kuanza maswali mapya, soma sababu za jana, ujue leo unamvizia nani.

Leo usiku chukua ule mtihani wa bure wa kwanza, yatoe maswali yote uliyokosa, uyaandike moja moja. Yaandike hata yale unayoyaona unasema, "Aa, hili nilikuwa nalijua." Hayo hasa.